Simu zinakatika kila jioni: je, niwape wateja wa biashara kipaumbele katika mtandao wangu wa redio?

"Ninaendesha mtandao mdogo wa intaneti ya redio. Mnara wangu una sekta tatu, kila moja ikiwa na antena inayohudumia upande mmoja, na ile yenye shida ina wateja 48 kwenye masafa ya 5 GHz. Ninanunua 200 Mbps (megabiti kwa sekunde) kutoka kwa mtoa huduma mkubwa, na hata jioni mtandao wote hautumii zaidi ya 120. Mchana, akiwapo mteja mmoja tu, sekta hiyo hufika 90 Mbps, lakini jioni haivuki 45. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku wateja wangu watano wa biashara, ambao wananilipa zaidi, wanalalamika kwamba simu za intaneti zinakatika na mikutano ya video inaganda. Nimeweka kanuni kwenye rauta kuu: pingi (vipimo vidogo vya ucheleweshaji) kwanza, kisha UDP (itifaki inayobeba simu nyingi za intaneti), kisha kurasa za wavuti, na torenti (faili zinazopakuliwa kutoka kwa watumiaji wengi) mwisho. Pingi zinaonekana nzuri, lakini malalamiko hayajapungua. Je, niwape wateja wa biashara kipaumbele cha juu kabisa? Na je, hilo ni haki kwa wateja wa nyumbani?"

Ndugu msomaji,

Umeuliza maswali mawili, moja la ufundi na jingine la haki, na yote mawili nitayajibu. Lakini takwimu ulizozitoa mwenyewe zinaonyesha kwamba kabla ya kuamua nani atangulie, inatupasa tujue foleni iko wapi, kwa sababu kanuni ulizoziandika umeziweka mahali ambapo foleni haipo.

Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inapofika kwenye rauta na kukuta njia ya kutokea iko wazi, huondoka papo hapo, na rauta haina lolote la kupanga. Kipaumbele huwa na maana pale tu pakiti zinapogombania njia moja kwa wakati mmoja na baadhi yake zikalazimika kungoja. Njia yako ya nje ina nafasi ya 200 Mbps na wewe unatumia 120, kwa hiyo karibu kila pakiti hupita kwenye rauta kuu bila kusimama, na orodha yako ya nani kwanza na nani mwisho haipati nafasi ya kuamua chochote. Pakiti hizo huenda kusimama mbele zaidi, ndani ya redio iliyo juu ya mnara, ambako kanuni zako hazisomwi. Hiyo ndiyo sababu pingi zako ni nzuri: kama unapima kutoka kwenye rauta kwenda nje, kipimo chako hakiigusi kabisa sekta yenye shida, na kama unapima kuelekea kwa mteja huku pingi zimewekwa mbele ya kila kitu, unachopima ni hali ya pingi peke yake, wala si hali ya simu ya mteja. Ningekushauri uiondoe kanuni hiyo leo hii, maana pingi iliyopendelewa inakunyima kipimo ambacho ungekihitaji kuliko vyote.

Sasa tupande kwenye redio. Wengi wetu tumezoea kuhesabu sekta kwa megabiti, kana kwamba ni bomba lenye ukubwa usiobadilika, lakini kinachogawanywa kati ya wateja wako 48 hasa ni muda wa hewani, yaani sehemu ya kila sekunde ambayo redio moja inatuma huku nyingine zote zikinyamaza. Katika masafa mamoja mnara hauwezi kutuma na kupokea kwa pamoja, wala wateja wawili hawawezi kutuma kwa wakati mmoja bila kuharibiana. Ni kama kikao chenye kipaza sauti kimoja: anayesema polepole hukishika muda mrefu zaidi kutoa hoja ileile, na wengine wote hungoja. Mteja aliye karibu na mwenye mawimbi safi anaweza kuzungumza na mnara kwa kasi halisi ya 60 Mbps, na aliye nyuma ya miti akapata 6 Mbps tu. Kila mmoja wao akipakua kwa 3 Mbps, mteja wa kwanza hutumia asilimia 5 ya muda wa sekta, na wa pili hutumia nusu yake. Kwenye ankara wanalingana. Hewani mmoja amemzidi mwenzake mara kumi.

Hali huwa mbaya zaidi redio inapojaribu kuwa sawa kwa kumpa kila mteja idadi sawa ya pakiti. Wateja hao wawili wakipakua kwa nguvu zao zote chini ya utaratibu huo, kila mmoja hupata takriban 5.5 Mbps, na sekta nzima hutoa 11. Ukigawa muda badala ya pakiti, mmoja hupata 30 na mwingine 3, jumla 33. Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake nchini Ufaransa waliieleza kasoro hii katika mitandao ya Wi-Fi: kifaa kimoja cha polepole huwashusha wengine wote hadi karibu na kasi yake. Nadhani hapo umekwisha kuona 90 Mbps zako za mchana zinakokwenda. Hakuna aliyeziiba, jioni wateja dhaifu nao huamka, na sekunde ni ileile.

Jambo la pili linalokatisha simu ni urefu wa foleni yenyewe. Watengenezaji wengi huvipa vifaa vyao hifadhi kubwa ili pakiti zisitupwe, na nia yao ni njema, ila matokeo yake ni mabaya. Chukua foleni ya pakiti 1,000 zenye baiti 1,500 kila moja: hizo ni megabiti 12, na zikiwa zinatoka kwa 4 Mbps, pakiti ya mwisho itangoja sekunde tatu. Itifaki ya TCP, inayobeba sehemu kubwa ya upakuaji, huendelea kuongeza kasi mpaka iambiwe kwamba njia imejaa, na kwa kawaida huambiwa kwa kupotea kwa pakiti. Isipopotea pakiti, itaendelea kuijaza foleni. Kwa hiyo mtu mmoja anayepakua faili kubwa anaweza kumletea jirani yake ucheleweshaji wa sekunde nzima, ingawa jirani anahitaji nafasi ndogo mno. Pendekezo G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linasema ucheleweshaji wa kwenda upande mmoja ukiwa chini ya milisekunde 150 mazungumzo mengi hayaathiriki. Simu ya kawaida inayogeuza sauti kuwa data kwa kiwango cha G.711 inahitaji takriban 87 kbps kila upande, ukihesabu na vichwa vya pakiti. Wateja wako wa biashara hawakosi megabiti za kupigia simu. Pakiti za simu zao zimenaswa nyuma ya pakiti za upakuaji, mara nyingine za upakuaji wa ofisi yao wenyewe.

Nataka pia tuiache kanuni yako ya kutambua matumizi kwa aina ya itifaki. Zamani ilisaidia kiasi. Leo karibu kila kitu kimefichwa kwa msimbo usiosomeka na hupitia mlango 443, namba inayotumiwa na tovuti salama: video, barua, faili, hata mikutano. Itifaki ya QUIC, iliyokamilishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2021, hubeba kurasa na video juu ya UDP, na torenti nyingi nazo hutumia UDP. Ulipoipa UDP nafasi ya pili, kama rauta ingekuwa na foleni, ungekuwa umeitanguliza video ya burudani na torenti pamoja na simu. Vifaa vya kuchunguza yaliyomo ndani ya pakiti vipo, ila ni ghali, hukosea, na vinakutaka uangalie mambo ya wateja wako ambayo kwa maoni yangu si kazi yako kuyaangalia.

Tuje kwenye la kufanya. Hatua ya kwanza ni kupima, tena jioni. Piga pingi za kawaida, zisizopendelewa, kutoka kwenye rauta kwenda kwenye redio ya mnara, kisha kwenda kwenye redio za wateja watatu au wanne, mmoja mwenye mawimbi mazuri na mwingine mwenye mawimbi mabaya, kisha kwenda nje. Ucheleweshaji ukipanda kati ya mnara na wateja tu, tatizo ni sekta. Ukipanda kati ya rauta na mnara, tatizo ni kiungo kinachoupelekea mnara data, na mengi ninayoyasema hapa itabidi uyahamishie huko. Wakati huohuo andika kasi ya mawimbi ya kila mteja jinsi redio inavyoionyesha, na upange orodha kuanzia mbovu zaidi.

Hatua ya pili ni kuihamisha foleni kutoka kwenye redio, ambako huitawali, na kuileta kwenye rauta, ambako unaitawala. Njia yenyewe ni kuiwekea sekta nzima kikomo kwenye rauta, chini kidogo ya kile ambacho redio inaweza kubeba. Kama jioni inafika 45, anza na 38 hadi 40. Najua inauma kujipunguzia mwenyewe uwezo, lakini megabiti hizo chache ndizo zinazofanya foleni ijengeke mbele ya macho yako. Kuna ugumu mmoja hapa: uwezo wa sekta hubadilika kulingana na nani anatumia na nani mwingine amewasha redio kwenye masafa hayo, hivyo kikomo kinachofaa leo kinaweza kuwa kikubwa mno kesho. Chagua kikomo cha jioni mbaya, si cha jioni nzuri. Kama redio zako zina uwezo wa kugawa muda wa hewani kwa usawa, uwashe. Hilo ni bora kuliko lolote unaloweza kufanya ukiwa mbali, kwa sababu redio ndiyo inayojua kila mteja anatumia muda kiasi gani.

Chini ya kikomo hicho cha sekta, mpe kila mteja tawi lake, yaani foleni yake yenye kikomo chake, na ndani ya kila tawi uweke utaratibu wa kufupisha foleni. Mchanganyiko uliozoeleka kwenye rauta za Linux ni HTB kwa kugawa matawi na FQ-CoDel ndani ya kila tawi. CoDel, iliyochapishwa na Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012, haiangalii foleni ina pakiti ngapi. Inaangalia pakiti imekaa humo muda gani, na ikiona zinakaa kupita kiasi huanza kutupa chache mapema ili TCP ipunguze mwendo. FQ-CoDel huongeza mgawanyo kati ya mitiririko, hivyo mtiririko mwembamba wa simu hautasimama nyuma ya mtiririko mnene wa upakuaji, na wewe huna haja ya kujua upi ni simu na upi ni upakuaji. Jihadhari tu usiiweke FQ-CoDel moja juu ya sekta nzima bila matawi ya wateja, kwa sababu inagawa kwa mitiririko, si kwa watu. Mteja wa torenti mwenye miunganisho 30 angepata mafungu 30, na anayesoma ukurasa mmoja angepata moja. CAKE, utaratibu mwingine wa foleni ulioingia katika Linux toleo 4.19 mwaka 2018, inaweza kugawa kwa wateja na kwa mitiririko kwa pamoja, mradi ione anwani halisi za wateja na si anwani moja ya pamoja.

Upakiaji unahitaji kushughulikiwa peke yake, na hapa ndipo watoa huduma wadogo wengi hukwama. Pakiti inayotoka kwa mteja ikishafika mnarani, muda wake wa hewani umekwisha kutumika. Kuipanga au kuitupa kwenye rauta hakurudishi muda huo. Kikomo cha upakiaji lazima kiwe kwenye kifaa cha mteja, kabla ya antena. Tena, antena za wateja zimeelekezwa mnarani, kwa hiyo wateja hawasikiani, na kila mmoja huona hewa iko kimya na kuanza kutuma. Pakiti zao hugongana kwenye mnara na kurudiwa. Dawa yake ni itifaki ya zamu, ambapo mnara humwambia kila mteja lini atume. Watengenezaji wengi wa redio za nje wanazo, ila kwa kawaida hudai vifaa vyote vya sekta viwe vya kampuni moja. Kama vyako ni mchanganyiko, hiyo ni gharama ya kuipangia bajeti, na kati ya gharama zote nitakazokutajia ndiyo ambayo ningeitanguliza.

Baada ya hayo ndipo kipaumbele chenyewe kinapata nafasi, na kiwe chembamba. Tangu nyongeza ya 802.11e ya mwaka 2005 katika kiwango cha Wi-Fi, redio za Wi-Fi zina madaraja manne: sauti, video, kawaida na ya nyuma. Daraja la sauti hupata nafasi haraka kwa kungoja muda mfupi: hesabu yake ya bahati nasibu ya kungoja kabla ya kutuma huanzia kati ya 0 na 3 na haizidi 7, wakati ya kawaida huanzia kati ya 0 na 15 na inaweza kufika 1,023. Utaona mara moja kwamba likitumiwa na wengi, daraja hilo hugongana lenyewe kwa lenyewe. Kwa hiyo pakiti zenye alama ya DSCP 46 (namba kwenye kichwa cha pakiti inayoonyesha daraja lake), ambayo simu nyingi za ofisini huiweka zenyewe, zipelekwe daraja la sauti, lakini kwa kila mteja kiasi hicho kisizidi tuseme 300 kbps, na kinachozidi kishushwe hadi daraja la kawaida. Ukiziamini alama bila kikomo, atakayezigundua atatia alama hiyo kwenye kila pakiti yake. Kumbuka pia kwamba simu moja hutuma pakiti ndogo 50 kwa sekunde kila upande, na hewani pakiti ndogo hutumia muda usiolingana na udogo wake, kwa sababu kungoja zamu na kuthibitisha kupokelewa ni kulekule. Simu kumi si 1 Mbps tu ya mzigo.

Sasa swali lako la haki. Kipaumbele kamili kwa wateja watano maana yake ni kwamba maadamu yeyote kati yao ana pakiti, nyumba 43 zinangoja. Ofisi moja ikianza kuhifadhi nakala za faili zake kwenye seva ya mbali saa mbili usiku, sekta nzima itasimama, na katika nyumba hizo yumo mtu anayefanya kazi akiwa kwake na mtoto aliye katika somo la mtandaoni. Sikushauri ufanye hivyo, na sina hakika kama ungeweza kuyatetea mbele ya mteja aliyekasirika. Lakini mtu anayelipa zaidi ana haki ya kupata kitu zaidi, mradi kielezwe. Ninachopendelea ni kiwango cha chini kilichohakikishwa pamoja na kikomo cha juu: kila biashara ihakikishiwe 3 Mbps wakati wowote na iruhusiwe kupanda hadi kikomo cha mkataba wake nafasi ikiwapo. Jumla ni 15 Mbps, takriban theluthi moja ya jioni yako mbaya, na kisichotumika hukopeshwa wengine. Kabla ya kutoa ahadi hiyo, angalia mawimbi ya kila biashara. Kumhakikishia 3 Mbps mteja mwenye kasi halisi ya 6 Mbps ni kumpa nusu ya hewa, na mteja wa namna hiyo ahamishwe au antena yake ibadilishwe kwanza. Biashara isiyoweza kuvumilia hata dakika ya usumbufu haifai kuwa kwenye sekta ya pamoja. Inahitaji kiungo chake chenye antena mbili zinazotazamana na masafa yake, na ilipie hivyo.

Uyaandike haya kwenye mkataba kwa lugha inayoeleweka, na uulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako inaruhusu nini. Sheria hutofautiana, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2120, kwa mfano, inaruhusu usimamizi wa busara unaotokana na mahitaji ya kiufundi na kukataza kupendelea maudhui fulani kwa sababu za kibiashara. Kugawa kwa wateja, kama nilivyoeleza, kwa kawaida ni rahisi kutetea kuliko kugawa kwa tovuti.

Kuna hesabu moja lazima uikubali. Ukitoa 15 za biashara, katika 40 zinabaki 25, na nyumba 20 zikiwa kazini kwa pamoja kila moja inapata 1.25 Mbps. Mtandao utakuwa na adabu, simu hazitakatika, lakini video ya ubora wa juu haitapita kwa kila mtu, na hakuna kanuni itakayoongeza hata kilobiti moja. Kinachoongeza ni kurekebisha wateja watano au sita walio juu ya ile orodha ya mawimbi mabovu, na wakati mwingine hilo pekee hurudisha megabiti nyingi kuliko ulivyotazamia. Baada ya hapo, igawe sekta mara mbili kwa antena zenye mwale mwembamba. Usikimbilie kupanua chaneli kutoka 20 MHz hadi 40: kelele inayopokelewa huongezeka kwa desibeli 3, na wateja wako dhaifu ndio watakaoumia kwanza. Mpaka umefanya hayo, usiunganishe mteja mpya kwenye sekta hiyo.

Mwite fundi wa redio aje mwenyewe kama kasi za mawimbi zinabadilika saa hadi saa bila sababu unayoiona, kama wateja wote wa upande mmoja ni dhaifu kwa pamoja, au kama pakiti zinarudiwa kwa wingi hata usiku wa manane wakati sekta haina watu. Hizo ni dalili za mwingiliano wa masafa, antena iliyoelekezwa vibaya au kebo iliyoingia maji, na hazionekani kutoka kwenye rauta. Zinahitaji kipima masafa mnarani na mtu aliyefunzwa kupanda akiwa na mkanda wa usalama. Mkabidhi vipimo vyako vya jioni tatu tofauti na ile orodha ya kasi za wateja, ili muda wake utumike kutafuta chanzo.